Aloo tikki, na maji yanayozivunja

Jaribio langu la kwanza la kupika aloo tikki liliishia kuwa rojo la viazi lililotapakaa kikaango kizima, nami nikalila kwa kijiko nikiwa nimesimama palepale jikoni kwa sababu ladha yake, nakiri, ilikuwa nzuri sana. Viungo vilikuwa sawasawa na mafuta yalikuwa yamepata moto, ila kila nilipojaribu kugeuza tikki moja ilikatika vipande viwili, kisha vitano, kisha ikapotea. Niliharibu mara tatu kabla ya kutambua kwamba tatizo halikuwa mikono yangu wala kikaango, bali maji yaliyokuwa yamejificha ndani ya viazi.

Kwa Kihindi, aloo ni kiazi, na tikki ni donge dogo la mviringo lililobanwa likawa bapa. Katika Kimarathi, lugha ya jimbo la Maharashtra ambalo Mumbai ni mji wake mkuu, kiazi huitwa batata, jina lililofika huko pamoja na Wareno, na msomaji yeyote wa Kiswahili atalitambua mara moja kuwa ni ndugu wa mbatata yetu. Tikki yenyewe ni chakula cha mitaani cha kaskazini mwa India, kinachokaangwa kwenye tawa pana, yaani kikaango bapa cha chuma, mbele ya macho ya mteja. Haichovywi kwenye yai, kwa kuwa wengi wanaoipenda hawali mayai kabisa. Kwa hiyo kinachoishikilia ni wanga wa kiazi chenyewe, na wanga uliolowa haushiki kitu.

Chagua basi viazi vya unga, vile vinavyopasuka ngozi vikiiva, na uviache vile vyenye nyama laini inayoteleza. Mimi huchemsha nusu kilo, ambayo ni viazi vinne vya wastani na hutoa tikki nane, vikiwa vizima na maganda yake, kwa sababu kiazi kilichomenywa na kukatwa hunywa maji ya sufuria kama sifongo. Kisu kikipenya bila kulazimishwa, mwaga maji mara moja, kisha rudisha sufuria kwenye moto mdogo kwa dakika moja au mbili ili mvuke utoke. Vimenye vikiwa vuguvugu, vikwaruze kwenye mbuzi ya karoti, vitandaze kwenye sinia, na uvisahau. Usitumie blenda kwa hali yoyote, kwani visu vyake hupasua chembe za wanga na viazi vikageuka gundi inayovutika. Vikishapoa, viweke kwenye friji kwa saa moja, maana wanga ukipoa hukaza, na saa hiyo moja imeniokoa kuliko unga wowote niliowahi kuongeza.

Unga wenyewe usiwe mwingi. Vijiko viwili vya chakula vya konifulawa vinatosha nusu kilo, au chenga za mkate mkavu, au poha, yaani mchele uliobanwa ukawa bapa, ukisagwa mkavu. Wanaofunga katika siku za Navratri, sikukuu ya Wahindu ya usiku tisa, huacha nafaka zote, wakatumia unga wa singhara, tunda la mmea unaoota majini, na chumvi ya mawe badala ya chumvi ya kawaida. Kitunguu na kitunguu saumu navyo huachwa.

Viungo ndivyo vinavyonipendeza zaidi katika kazi hii yote. Ninaanza na uzile, ambao wengine huuita bizari nyembamba, kijiko kimoja cha chai, nikiukaanga bila mafuta kwenye tawa kavu mpaka punje zibadilike kutoka rangi ya majani makavu hadi kahawia na harufu ipande ghafla. Hapo nauondoa haraka, kwani nusu dakika zaidi huufanya mchungu, kisha nautwanga kinuni ukiwa bado wa moto. Hufuata tangawizi mbichi iliyokwaruzwa, pilipili mbichi mbili zilizokatwa ndogondogo, pilipili nyekundu ya unga kidogo, garam masala robo kijiko, na majani ya giligilani, ambayo baada ya kuoshwa ni lazima yafutwe kwa kitambaa mpaka yakauke. Kwa ukali wa uchachu, wapishi wengi wa huko hawakamui ndimu bali hutia amchur, unga wa maembe mabichi yaliyokaushwa, na jina lake linasema hivyohivyo: am ni embe, chur ni unga. Nilidhani ni suala la ladha tu, mpaka nilipoona kwamba ndimu ni maji, na amchur ni uchachu usio na tone hata moja. Ipo pia kala namak, chumvi inayoitwa nyeusi ingawa ikisagwa huwa na rangi ya waridi iliyofifia, na ambayo inanuka kama yai lililochemshwa; usiogope, onja kwanza.

Chumvi ya kawaida naitia mwisho kabisa, dakika chache kabla ya kukaanga, kwa kuwa huvuta maji. Kitunguu sikichanganyi ndani, nakiweka juu wakati wa kula.

Paka viganja mafuta, finyanga donge la ukubwa wa ndimu kubwa, libane liwe na unene wa kidole, na uzibe kila ufa unaouona pembeni, kwani hapo ndipo litakapoanzia kukatika. Tawa liwe zito na moto uwe wa wastani. Ukishaiweka tikki, iache. Kwa dakika nne hivi itang'ang'ania chuma, na ukiichokonoa itaacha ngozi yake hapo. Gamba likishakomaa, kingo zitaonyesha mstari wa kahawia, sauti ya mafuta itapungua, na ukisukuma tawa kidogo tikki itateleza yenyewe. Huo ndio wakati wa kuigeuza, si kabla.

Delhi huijaza katikati dengu au njegere zilizochanganywa na viungo, na Mumbai huimwagia ragda, mchuzi mzito wa njegere kavu nyeupe. Ikiletwa kama chaat, yaani kitafunio cha mitaani chenye ladha nyingi kwa pamoja, jina linalotokana na neno la kulamba, huwekewa mtindi uliopigwa na sukari kidogo, chatini ya kijani ya giligilani, na chatini tamu ya ukwaju. Mimi humwagia haya yote mezani, sahani ikiwa tayari mbele ya mlaji, kwa sababu gamba nililolihangaikia muda wote huo hulainika haraka chini ya mtindi.

Zikibaki, sizirudishi kwenye maikrowevu, kwani mvuke wake huzilegeza zikawa kama zilivyokuwa kabla ya kukaangwa. Nazirudisha kwenye tawa, moto mdogo, bila kuongeza mafuta, dakika tatu kila upande.