Wanne Wakitosha

Naandika haya kabla ya msimu wa 2025 wa NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, kuanza. Tarehe 7 Septemba Giants wa New York watafungua msimu ugenini dhidi ya Commanders wa Washington, na kwa saa za Lamu mchezo utaanza saa mbili usiku, wakati watu wameshatoka kuswali Isha na baraza letu la Langoni limeanza kujaa. Kwa muda wa wiki kadhaa sasa nimekuwa nikiulizwa na wenzangu, wengi wao wapenzi wa Arsenal na Manchester United wanaoutazama mchezo huu wa Wamarekani kwa kunihurumia tu, ni furaha gani niliyo nayo kwa timu iliyoshinda mechi 3 na kupoteza 14 msimu uliopita wa 2024. Jibu langu ni fupi, ingawa maelezo yake ni marefu: furaha yangu ni watu wanne wa mbele katika safu ya ulinzi, ambao kazi yao ni kumvamia kwotabeki kabla mpira haujamtoka mkononi.

Kwa asiyeujua mchezo huu, timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, na ikifaulu hupewa mengine manne. Inaweza kukimbia na mpira au kuurusha. Anayerusha ni kwotabeki, ambaye hurudi nyuma hatua chache huku mbele yake wamesimama watu watano wazito wanaofanya ukuta, na wajibu wa ukuta huo ni kumpa muda usiozidi sana sekunde 3. Ile nafasi ndogo iliyo nyuma ya ukuta sisi barazani tumeiita kiwanda, si kiwanda cha saruji bali kiwanda cha nyumba zetu za mawe, ule ua wa ndani ulio wazi juu ambamo mtu hukaa akajiona yuko salama na macho ya njiani. Mlinzi akiingia humo akamwangusha kwotabeki na mpira wake, timu ile hupoteza jaribio na pia hurudishwa nyuma, nasi husema "kalazwa". Hesabu ya kulaza ilianza kuandikwa rasmi kwa kila mchezaji mwaka 1982, na wawili wakimwangusha pamoja kila mmoja huandikiwa nusu, ndiyo maana utaona mtu ana 8.5 au 22.5. Mtoto wa ndugu yangu hajalikubali jambo hili mpaka leo. "Ami," huniuliza, "huyo wa nusu alilazwa ubavu gani?"

Mapenzi haya niliyapata kazini. Nilikuwa baharia katika meli ya makontena, na usiku wa tarehe 3 Februari 2008 tulikuwa tumefunga gati Port Newark, katika jimbo la New Jersey, umbali mdogo tu kutoka uwanja wa nyumbani wa Giants. Niliingia klabu ya mabaharia kwa kukimbia baridi, nikaikuta televisheni imezungukwa na watu wa meli tano au sita, kila mtu na lugha yake. Giants walikuwa wakicheza fainali, Super Bowl, huko Arizona, dhidi ya Patriots wa kwotabeki Tom Brady ambao walikuwa hawajafungwa na mtu msimu mzima. Sikujua kanuni hata moja. Nilichokiona ni kwamba Brady, ambaye mwanzoni alikuwa akitazama mbali kule wanakokimbia wenzake, kadiri muda ulivyokwenda alianza kutazama karibu, miguuni pake, kama mtu asikiaye panya gizani. Alilazwa mara 5, na Giants wakashinda 17 kwa 14. Mpishi wetu Mfilipino alinieleza majina yao kwa kuyaandika kwenye kitambaa cha karatasi: Michael Strahan, Justin Tuck na Osi Umenyiora, yule aliyezaliwa London kwa wazazi wa Kinigeria, ambaye miezi michache kabla yake alikuwa amemlaza kwotabeki wa Eagles mara 6 katika usiku mmoja. Tangu siku hiyo sikuwa na timu nyingine.

Sasa niseme ninachokiamini, na wanaobishana nami kuhusu namba watanisamehe. Watu wengi wakizungumzia uvamizi wa kwotabeki huwataja wale wa pembeni, kwa sababu hao ndio wepesi, ndio wenye mbio na ndio wapigwao picha. Mimi nasema uvamizi huanzia katikati. Anayekuja kutoka pembeni hulazimika kuuzunguka ukuta, na kwotabeki mwenye akili humwacha azunguke, kisha yeye hupiga hatua moja au mbili mbele, ndani ya kile kiwanda chake, na mvamizi hupita nyuma yake akishika hewa. Lakini katikati ya ukuta ikisukumwa nyuma, ile hatua ya mbele haipo tena. Kiwanda kimekuwa daka, ule ukumbi mdogo wa mlangoni. Hapo ndipo yule wa pembeni, hata akichelewa, humkuta mtu wake amesimama palepale alipomwacha.

Na katikati Giants wana Dexter Lawrence, namba 97, mtu wa kilo 150 na ushei. Mtazame mikono yake kabla ya kutazama kitu kingine. Mpira ukishaanza huwa hakimbii. Huitia mikono chini ya makwapa ya mtu wa ukuta aliye mbele yake, akanyoosha viwiko, kisha akaenda kwa hatua fupi fupi zisizonyanyuka, kifua mbele, kama watu washuao jahazi maji yakiwa bado hayajafika. Aliyewahi kushua chombo anajua kwamba anayejitupa kwa nguvu zote mara moja huishia kuchoka na chombo kiko palepale, na kwamba kinachokiondoa ni ule msukumo mdogo usiokatika. Mara nyingi timu pinzani humwekea watu wawili, na bado hao wawili hurudi nyuma. Msimu uliopita alilaza mara 9 katika mechi 12 tu, idadi isiyo ya kawaida kwa mtu wa nafasi yake, kisha kiwiko chake kikateguka kule Dallas mwishoni mwa Novemba na msimu wake ukaishia hapo.

Pembeni kuna Brian Burns, aliyeletwa kutoka Carolina mwaka 2024 kwa mkataba wa pesa ambazo sitaki kuzigeuza kuwa shilingi, na mwaka wake wa kwanza alilaza mara 8.5. Upande wa pili yupo Kayvon Thibodeaux, aliyechaguliwa wa 5 katika drafti ya 2022, yaani zamu ya timu kuchagua wachezaji wapya wanaotoka vyuoni, ambaye mwaka 2023 alilaza mara 11.5 na mwaka uliofuata, baada ya kuumia, akashuka hadi 5.5. Mimi huyu sijakata tamaa naye, ila nakiri kuwa subira yangu imepungua.

Kisha mwezi wa nne akaja Abdul Carter. Giants walimchukua wa 3 katika drafti, kutoka Chuo Kikuu cha Penn State, ambako mwaka wake wa mwisho alilaza mara 12, na jina lake peke yake limewaleta barazani vijana watatu ambao hapo awali hawakutaka hata kusikia habari za mpira wenye umbo la yai. Katika mchezo wake wa mwisho chuoni alicheza na bega lililoumia, na bado akamlaza kwotabeki wa Notre Dame. Alipofika New York aliomba namba 56, iliyokuwa ya Lawrence Taylor, mlinzi wa zamani wa Giants, na namba hiyo ilishastaafishwa. Taylor akamjibu kwamba ajitafutie yake. Akaomba 11 ya Phil Simms, kwotabeki wao wa zamani, nayo akanyimwa. Sasa anavaa 51. Kwangu mimi ujasiri wa kuomba ni dalili njema, na kunyimwa pia ni jambo jema, kwa sababu kuivaa nguo ya Taylor ni kuubeba mwaka 1986, alipolaza mara 20.5 na akatangazwa mchezaji bora wa ligi nzima ilhali ni mlinzi. Ni mzigo ambao kijana wa miaka 21 hauhitaji.

Niongeze, kwa faida ya wanaodhani mambo haya hayatuhusu, kwamba nafasi hii hii ya kuvamia kutoka pembeni aliwahi kuichezea Mkenya. Daniel Adongo aliacha raga akaenda kwa Colts wa Indianapolis mwaka 2013, timu ambayo mwaka huo Robert Mathis aliongoza ligi kwa kulaza mara 19.5. Adongo hakudumu, na muda mwingi alitumika katika vikosi vya mipira ya kupigwa kwa mguu, lakini alivaa na akaingia uwanjani.

Kwa nini wanne? Kwa sababu ulinzi una watu 11, na kila unayemtuma kuvamia ni mtu uliyemwondoa katika kulinda wanaokimbilia mpira nyuma. Kocha asiyeridhika na wanne wake humtuma wa tano, pengine wa sita, na huo ni mchezo wa pata potea: ukimfikia kwotabeki umeshinda, usipomfikia kuna mtu wake amebaki peke yake uwanjani. Timu yenye wanne wanaotosha haiingii katika kamari hiyo. Mwezi wa pili mwaka huu, katika fainali ya New Orleans, Eagles wa Philadelphia hawakumtuma mtu wa tano hata mara moja, na bado kwotabeki Patrick Mahomes wa Chiefs alilazwa mara 6 na wakafungwa 40 kwa 22. Niliitazama alfajiri kwenye simu, sauti nimeifunga ili nisiwaamshe watu, na nilikuwa na furaha iliyochanganyika na wivu, kwa kuwa Eagles ni mahasimu wetu na mchezo ule ulikuwa wetu kabla ya kuwa wao.

Giants wale wa msimu wa 2007, niliowaona Port Newark, walikuwa na hila moja zaidi. Ilipokuwa wazi kwamba wapinzani watarusha, waliwaondoa wazito na kumhamishia Tuck katikati, wakawa na watu wanne wa mbio mbele kwa wakati mmoja. Shane Bowen, kocha wa ulinzi msimu huu wa 2025 unapoanza, anao watu wa kufanya hivyo: Burns upande mmoja, Thibodeaux upande wa pili, Carter aingizwe ndani pembeni ya Lawrence. Nikiona hilo mara kumi katika mechi ya kwanza nitalala vizuri.

Hata hivyo sijilevyi. Msimu uliopita Giants walilaza mara 45, idadi ya kuheshimika, na wakashinda mechi 3. Katika hizo 45, mara 8 zilikuwa Cleveland na mara 7 zilikuwa Seattle, na safari zote mbili walishinda. Maana yake uvamizi ulipofurika ulitosha kuibeba timu nzima, na ulipokuwa wa kawaida haukutosha. Na uvamizi hauli mpaka upikiwe: wapinzani wakiwa mbele kwa pointi 14 hawana haja ya kurusha, hukimbia na mpira wakimaliza saa, na wanne wako wote watabaki kuwasukuma watu wasiobeba chochote. Septemba iliyopita, huko huko Washington, Giants walifika kwenye mstari wa goli mara 3 na kuwazuia Commanders wasifike hata mara moja, kisha wakafungwa 21 kwa 18, kwa sababu mpigaji wao wa mguu aliumia mwanzoni kabisa na wapinzani wakapiga mipira 7 katikati ya milingoti. Hilo halihusiani na uvamizi, lakini nililie wapi kama si hapa. Mwaka huu wamemleta Russell Wilson aanze kama kwotabeki, na nyuma yake yupo Jaxson Dart, kijana wa drafti, aliyecheza vizuri katika mechi za maandalizi. Mechi hizo Giants walishinda zote tatu, nami sizihesabu.

Mtihani wa kwanza ndio mgumu zaidi kwa namna yake, kwa sababu Jayden Daniels, kwotabeki wa Washington, hasubiri kulazwa, hutoroka. Msimu wake wa kwanza alikimbia yadi 891. Kwa mtu kama huyo mbio za pembeni zinaweza kuwa hasara. Vijana wa baraza niliwaeleza kwa kuku: mkitaka kumkamata uani, wawili wakimzunguka kwa nyuma wakati mmoja, atapita katikati yenu na kutoka mlangoni, na mtakayebaki naye ni vumbi. Carter na Burns itabidi wazuie tamaa yao, wasipite nyuma ya pale alipo Daniels, wabane taratibu huku Lawrence akisogeza ukuta.

Wiki ya pili ni Dallas, nayo ni saa mbili usiku. Ya tatu, ya kwanza nyumbani, ni Chiefs, na hiyo kwetu itaanza saa tisa na dakika ishirini usiku, kuamkia Jumatatu tarehe 22. Kocha wa ulinzi wa Chiefs ni Steve Spagnuolo, yule yule aliyewaongoza Strahan na wenzake usiku ule nikiwa Port Newark, kwa hiyo nitaamka hata kama tumeshafungwa mbili. Mke wangu ameshaniambia nitandike mkeka sebuleni mapema, nisije nikamkanyaga mtu gizani nikitafuta chaja.

Lakini kwanza ni Washington. Mtoto wa ndugu yangu nimempa kazi moja usiku huo: asiufuate mpira. Mpira nitamsimulia mimi. Yeye amtazame 97, ahesabu ni watu wangapi wamewekwa mbele yake, na kila mara anyoshapo ule mkono ulioumia aniambie kama kiwiko kimenyooka sawasawa.