Ada ya Mjukuu

Mahari ya dada ilipokewa Jumamosi na nyumba ya Tabata hatimaye imepata umeme, lakini kinachonirudia kila nikifumba macho ni maneno ya mzee mmoja pale klabu ya tenisi ninapofundisha watoto. Alinikabidhi ada ya mafunzo ya mjukuu wake, noti zikiwa zimekunjwakunjwa kama sadaka, akasema, "Sisi, mwalimu, tulicheza tenisi kwa mapenzi. Ninyi mnacheza kwa malipo." Nikajibu, "Ahsante, mzee," nikazitia mfukoni. Akakung'uta vumbi la viatu vyake, akaongeza kwamba hakukusudia ubaya. Nyongeza hiyo ndiyo inayoniuma kuliko yote.

Usiku nilimrudia Suzanne Lenglen, yule mcheza tenisi Mfaransa wa zamani ambaye huenda mmekwisha kuchoka kunisikia nikimtaja. Alitwaa ubingwa wa Wimbledon wa mmoja mmoja mara sita kati ya 1919 na 1925, watu wakifurika kumtazama, ilhali kanuni za mchezo wa ridhaa zilimkataza kupokea chochote katika viingilio vyao. Mwaka 1926 alitia saini mkataba wa dola 50,000 na wakala Mmarekani, C. C. Pyle, akazunguka Marekani akicheza na Mary K. Browne na kumshinda katika mechi zote 38. Klabu ya Wimbledon ikamfutia uanachama wa heshima. Yeye alilalamika waziwazi kwamba ameuingizia mchezo mamilioni ya faranga huku akilipa ada ya kushiriki mashindano hayohayo. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, kwa sababu mapenzi ya mchezo humwia rahisi mwenye nyumba za kupangisha, anayepokea kodi kila mwisho wa mwezi.

Lenglen hakuwa mnyonge, na hilo ndilo linalonifurahisha: aliingia kiwanjani na koti la manyoya, akanywa konyaki kidogo katikati ya mechi. Baba yake alimfundisha shabaha kwa kutandika leso kiwanjani ili ailenge kwa mpira, naye mwishowe akafungua shule ya tenisi Paris, kabla ya kufariki mwaka 1938 akiwa na miaka 39. Leo jioni nami niliwatandikia watoto leso yangu karibu na mstari wa nyuma. Aliyeigonga wa kwanza ni yule mjukuu, akaomba arudie.

Mama amebadilishiwa dawa za presha na tangu jana analalamika kizunguzungu, nami sijui kama nisubiri siku ya kliniki au nimpeleke kesho asubuhi.