Nilivyobutisha kompyuta kupitia ruta, bila flashi

Kompyuta za kuwekewa Linux zilikuwa nyingi, flashi ni moja tu, na baadhi ya mashine matundu yake ya USB yalishafungwa kwenye BIOS, programu inayoiamsha kompyuta. Ikabaki njia ya mtandao: kompyuta ipakue faili za kuwakia kutoka kwenye ruta. Ruta ilikuwa na OpenWrt, mfumo wa Linux wa ruta, ambao huja na dnsmasq: programu ndogo inayogawa anwani za IP na inayoweza pia kutuma faili kwa TFTP, njia sahili ya kutuma faili mtandaoni. Seva nyingine ya nini?

Ile flashi nikaichomeka kwenye ruta, kwa kuwa nafasi ya ndani ni finyu, kisha nikaingia kwenye ruta kwa SSH, njia ya kuandika amri ukiwa mbali, nikabadili mipangilio kwa uci, amri ya OpenWrt:

uci set dhcp.@dnsmasq[0].enable_tftp='1'
uci set dhcp.@dnsmasq[0].tftp_root='/mnt/sda1/tftp'
uci changes
uci commit dhcp

Hiyo uci changes wengi huiruka. Mimi siiachi, maana hukuonyesha ulichogusa kabla hakijahifadhiwa.

Kasheshe ilikuwa kwenye jina la faili la iPXE, programu ndogo ya kuwasha kompyuta kupitia mtandao. Mashine za BIOS zinataka undionly.kpxe, za UEFI, mrithi wa BIOS, zinataka ipxe.efi, ukizipa zote faili moja, upande mmoja utagoma. Bahati nzuri, kompyuta inapoomba anwani hutaja aina yake kwenye chaguo namba 93 la DHCP, utaratibu wa kugawa anwani: 0 ni BIOS, 7 ni UEFI ya biti 64. Halafu kuna iPXE yenyewe. Ikishaamka huomba anwani upya, na ruta isipoitambua itaipa iPXE tena, na tena, bila mwisho. Hujitambulisha kwa chaguo 175. Kwa hiyo nikafungua /etc/dnsmasq.conf kwa kihariri cha vi, nikaandika:

dhcp-match=set:efi64,option:client-arch,7
dhcp-match=set:ipxe,175
dhcp-boot=tag:!ipxe,tag:efi64,ipxe.efi
dhcp-boot=tag:!ipxe,tag:!efi64,undionly.kpxe
dhcp-boot=tag:ipxe,menu.ipxe

Alama ya mshangao hapo maana yake "asiye". Menu.ipxe ni faili la maandishi tu, linaloelekeza kernel (kiini) ya Linux iko wapi.

Nikapiga service dnsmasq restart, kisha logread -f inayoonyesha logi ya ruta papo hapo, nikaiacha dirishani huku nikiwasha mashine ya kwanza. Kwenye kioo chake ujumbe ulikuwa wa mkato usio na msaada, lakini logi ya ruta ilinyoosha maelezo: Permission denied. Dnsmasq haifanyi kazi kama root, hivyo faili lazima lisomeke na kila mtu. Nikatoa ruhusa hiyo kwa chmod 644, nikawasha tena, na mstari nilioungoja ukatokea:

dnsmasq-tftp: sent /mnt/sda1/tftp/ipxe.efi to 192.168.1.143

Kwenye mashine za UEFI nilizima kwanza Secure Boot, kinga inayokataa programu zisizo na saini ya kidijitali, kwa sababu ipxe.efi niliyokuwa nayo haikuwa na saini.

TFTP haiulizi nywila. Mashine ya mwisho ilipokamilika nilirudisha enable_tftp kuwa 0, nikaweka # mbele ya mistari ya dhcp-boot, nikachomoa flashi.