Nilivyojifunza kuhesabu hadi tatu

Mkono wangu ulibaki hewani. Kisa changu kinaanzia hapo.

Ilikuwa Jumamosi jioni, onyesho la mieleka kwenye ukumbi mmoja mtaani Manyatta, Kisumu. Watu mia mbili hivi walikuwa kwenye viti vya plastiki, watoto wamejazana mbele hadi wanagusa turubai la ulingo. Mimi ndiye niliyekuwa refa. Kijana mwepesi kuliko wote kikundini mwetu, wa miaka 21, alinyanyuliwa juu, akageuzwa, na badala ya kutua kwa mgongo akatangulia shingo. Mpinzani wake akamlalia. Nikapiga goti, nikaanza kuhesabu kwa kupiga sakafu, maana mabega yakibaki chini hadi tatu pambano limeisha: moja, mbili. Nyuma ya pazia tulikuwa tumekubaliana kwamba kwenye mbili angenyanyua bega na pambano liendelee. Hakunyanyua. Nami, kwa kuwa mpango ulisema vingine, sikuuteremsha mkono mara ya tatu. Mpinzani wake akachanganyikiwa, akamvuta, akamsimamisha, akambwaga tena. Mara hii kijana alibaki amekodolea taa macho, vidole vikimtetemeka.

Sifichi kwamba katika mieleka yetu mshindi hujulikana mapema. Kila shabiki aliyekua akimtazama Undertaker kwenye video za mtaani anajua hivyo na bado anashangilia, tena ana haki ya kushangilia. Ila mbao hazijui mpango. Ulingo wetu uliundwa na mafundi wa jua kali pale Kibuye: fremu ya chuma, mbao juu yake, sponji nyembamba, halafu turubai. Kamba zenyewe ni waya wa chuma uliopitishwa ndani ya mpira wa kumwagilia maji na kuzungushiwa tepu. Anayedhani chini kuna godoro na apande aanguke mara moja tu.

Kijana alipona. Shingo ilikaza kama wiki tatu, picha zikapigwa, mfupa haukuwa umevunjika. Bili tulichangishana kwa M-Pesa, elfu kumi na kitu pamoja na teksi, kwa sababu sisi tunaojitegemea hakuna kampuni inayotulipia hata bandeji. Lakini usiku ule sikujua kama angeamka akitembea.

Jumatatu nilienda kwa mama yake, Nyalenda, nikiwa na sukari kilo mbili na pakiti ya unga.

“Karibu,” alisema. “Wewe ndiye uliyemwangusha?”

“Hapana, mama. Mimi ni refa.”

Akanitazama. “Sasa ulikuwa wapi?”

“Nilikuwa hapo, mama.”

“Hapo wapi?”

“Nimepiga goti kando yake.”

Hakuniuliza kitu kingine. Alileta chai, nikainywa yote, nikaondoka na lile swali lake.

Wiki hiyo nilipewa ushauri ambao hadi leo unanikera. Mzee mmoja wa kazi hii aliniambia refa mzuri ni yule asiyeonekana, nifuate mpango na kuwaacha wachezaji wacheze. Mwingine akaniambia nisiombe msamaha mbele ya watu, nitaonekana nimekubali kosa. Lakini nilikuwa nimelikubali! Niliomba msamaha mbele ya kikundi kizima, kijana mwenyewe akiwepo na plasta shingoni, na sijawahi kujutia dakika ile.

Halafu nikaanza kujirekebisha, na nilianza vibaya. Nilinunua daftari, kila baada ya onyesho nikaandika nilivyofanya. Baada ya miezi miwili nikalisoma: “Leo nimejitahidi.” “Leo ukumbi ulikuwa na giza.” “Leo wachezaji walichelewa.” Kurasa kumi na nane, na hakuna hata moja yenye kosa langu. Nikajaribu kuwauliza wanamieleka wenyewe. Nani atamwambia refa ukweli huku amevua viatu na anasubiri hela yake? “Uko sawa, refa,” wote. Hata kijana wangu wa shingo alisema niko sawa.

Kilichonifungua macho ni pambano la zamani nililolitazama kwenye simu. SummerSlam, onyesho kubwa la mieleka la Marekani, Agosti 1997: Owen Hart alimshusha Steve Austin kichwa chini, shingo ya Austin ikaumia, akalala bila kujiweza. Nilishalitazama mara nyingi, macho kwa Austin. Safari hii niliwafunika wachezaji kwa kidole gumba kila nilipoweza, nikamtazama refa tu. Hart anazunguka akiwachokoza mashabiki ili mwenzake apate muda, refa yuko karibu na aliyelala, Austin anajikokota, anamviringisha Hart kwa nguvu kidogo alizobaki nazo, na refa anahesabu tatu, basi. Baadaye Austin ilimbidi afanyiwe upasuaji wa shingo. Lakini pale ulingoni watu wawili walikuwa wakimtafutia njia ya kutoka. Kijana wangu hakuwa na hata mmoja.

Ndipo nikapata hila ambayo namshauri kila refa aijaribu. Nilifunga simu kwenye nguzo ya ukumbi, nikaielekeza kwangu peke yangu. Wachezaji wakiingia kwenye picha sawa, wakitoka sawa. Kisha nikampa dada yangu atazame. Dada yangu ni mshonaji, mieleka haimwingii kabisa, na ndiyo maana nilimchagua: hajui nani anapaswa kushinda. Nilizima sauti, nikamwomba apige meza kila ninapopiga sakafu. Alipiga moja, mbili, halafu akangoja. Pambano la pili vilevile. Kwenye la tatu akaacha kupiga meza, akanigeukia: “Mbona mkono wako unaomba ruhusa?”

Nilirudisha video nyuma. Kweli, kila mara kabla ya tatu nilikuwa namtupia macho mwenzangu wa nyuma ya pazia, au uso wa mchezaji, chochote isipokuwa bega. Mkono ulikuwa unasubiri kuambiwa. Jicho la shabiki halikuona, la dada yangu liliona kwa dakika tano.

Dawa nilienda kuitafuta Shinyalu, kwa mjomba wangu anayepiga isukuti. Wasiojua, isukuti ni ngoma za Waisukha na Waidakho, hupigwa tatu pamoja, kubwa, ya kati na ndogo, na mwaka 2014 UNESCO iliuandika uchezaji wake kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Mjomba huumia sana kwamba vijana hawaji tena kujifunza. Nilipomweleza shida yangu hakujali kwamba ni habari ya mieleka. Alifurahi kwamba mtu wa damu yake amekuja kuuliza juu ya mapigo.

Alinipigisha goti juu ya gunia chini ya mwembe, yeye na ngoma kubwa. Akipiga, napiga ardhi. Asubuhi nzima ni hivyo tu, tatu, pumzika, tatu, pumzika, hadi kiganja kikavimba. Baada ya chakula akawalaza watoto wa binamu zangu chali mbele yangu, mmoja mmoja, na kuniambia nisitazame ngoma wala mkono, nitazame mabega. Watoto walipenda sana. Wananyanyua bega wakitaka, wakikataa wanalala kimya wakijizuia kucheka. Kila nilipomwangalia mtoto usoni, mjomba alisimamisha kila kitu tuanze upya.

Wikendi ya tatu akaja na mtego. Tulikuwa tumezoeana, mkono wangu na ngoma ni kitu kimoja, na ghafla akapiga moja, akapiga mbili, akanyamaza. Mkono wangu ukabaki hewani, kama vile Manyatta.

“Ngoma imenyamaza,” alisema. “Wewe umenyamazishwa na nani?”

Sikuwa na jibu. Tukarudia. Akanyamaza kwenye mbili, nikasimama. Tukarudia tena. Alianza kuwaambia watoto wapige kelele “Bado! Bado!” kwenye mbili. Akamleta mama mkwe wake aniite jina. Giza lilipoanza kuingia nilipiga ya tatu ngoma ikiwa kimya, watoto wakipiga kelele, na bega la mtoto likiwa chini. Mjomba aliweka ngoma pembeni, akasema, “Hiyo ni yako.” Nauli ilikuwa kama mia sita kwenda na kurudi, mara nne au tano. Sijapata mafunzo ya bei hiyo popote pengine.

Mengine niliyapata njiani. Refa lazima ajifunze kuanguka, kidevu kifuani, pumzi nje, viganja na mikono vipige sakafu pamoja na mgongo, kwa sababu asiyeanguka mwenyewe hatambui anguko baya. Mgongo ukitua vizuri mbao hulia mlio mpana, kama mlango uliobamizwa. Kichwa kikitangulia sauti ni fupi na nzito, na ukiisikia acha mambo mengine yote. Ninamshika mchezaji mkono kama ninayemkagua, akinibana vidole yuko salama, asiponibana ninavuka mikono yangu juu ya kichwa kama alama ya X, ishara ya marefa wa mieleka kwamba hili si onyesho tena. Na anayeshuka ulingoni akiwa amegongwa kichwa ninamuuliza: tuko mji gani, nani alipigana kabla yako, umeingia na nani? Akikosea au akitapika au akiyumba, hapandi tena siku hiyo, hapandi bodaboda peke yake, na anaenda kuonwa na daktari hata akisema yuko fiti. Vijana wetu huficha maumivu wakiogopa kukosa kazi. Christopher Nowinski, aliyesoma Harvard kisha akapigana WWE, kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani, alipigwa teke la kichwa mwaka 2003 akaendelea kupanda ulingoni akificha. Mwishowe ilimbidi aache mieleka, na sasa kazi yake ni kuwaeleza wanamichezo juu ya majeraha ya ubongo. Hadithi yake nimewasimulia wenzangu hadi wanaijua.

Mtihani ulikuja Kakamega. Pambano la wasichana, mkanda ukiwa mezani. Bingwa alipaswa kunyanyua bega kwenye mbili na kushinda dakika tatu baadaye. Alibanwa, nikapiga moja, mbili, bega likawa chini, nikapiga tatu. Ukumbi ulilipuka. Bingwa hakuwa ameumia. Alipitiwa tu, alipoteza hesabu. Mkanda ukaenda kwa mtu ambaye hakupangiwa. Promota alinikata mia tano na kusema nimemharibia miezi miwili ya mipango.

Tulikaa kwenye kibanda cha chapati, kikundi kizima, wengine wakiwa upande wake. Nilikuwa tayari kuondoka. Kijana wangu wa shingo, ambaye huwa hasemi mbele za watu, aliweka kikombe chini. “Mimi nataka refa anayehesabu,” alisema. “Kama bega langu liko chini, mnajuaje kwamba nimesahau?” Hakuna aliyemjibu. Bingwa aliyepoteza mkanda ndiye aliyesema tuandike, na tukaandika: bega lisiponyanyuka ni tatu, awe nani, mpango uwe upi. Wote walitia sahihi, promota wa mwisho.

Daftari silishiki tena mimi. Linakaa kwa yule bingwa aliyepoteza mkanda, na baada ya kila onyesho wachezaji wawili wanaandika ndani yake nikiwa sipo, nami nasoma Jumatano. Makosa yangu sasa yanajulikana kwa majina. Linaloongoza mwezi huu ni kwamba karibu na kamba napiga goti upande mmoja tu, bega la kushoto silioni vizuri. Jumamosi ijayo naenda Shinyalu. Mjomba ameniambia nije na gunia jipya, lile la kwanza limetoboka magotini.