Tanki Lililojazwa Mpaka Shingoni

Kila tarehe 14 ya mwezi, ikifika jioni, vituo vya mafuta vya hapa Malindi hubadilika sura. Hiyo ndiyo siku ambayo Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, hutangaza bei mpya zinazoanza kutumika usiku wa manane, na tetesi zikiwa kwamba bei itapanda, foleni ya magari, tuktuk na bodaboda hutokeza mpaka barabarani. Katika foleni hiyo husikika agizo moja likirudiwa kutoka dirisha hadi dirisha: "Jaza mpaka shingoni." Pampu hukata yenyewe, mhudumu huifinya tena, ikakata, akaifinya mara ya tatu huku akiinamisha sikio asikilize petroli inavyopanda. Nami nimelitoa agizo hilo kwa miaka mingi, nikiamini kwamba kila tone linaloingia kabla ya saa sita za usiku ni akiba.

Mwezi wa Januari, kaskazi ikiwa imeshika, nilijaza tanki namna hiyo kisha nikarudi nyumbani kulala. Asubuhi niliendesha mwendo wa dakika chache tu hadi sokoni, nikaegesha gari mahali pasipo na kivuli tangu saa mbili mpaka saa tisa alasiri. Niliporudi, harufu ya petroli ilinipokea kabla sijalifikia gari. Chini ya kifuniko cha tanki palikuwa na mchirizi uliolowa, uliokwisha kuififiza rangi ya ubavu wa gari, na ardhini palikuwa na doa jeusi lenye unyevu. Hatua chache kutoka pale, muuza kahawa alikuwa ameketi na dele lake, makaa yakiwaka chini yake. Nilimwomba asogee, naye alisogea upesi bila kuuliza sababu, kwani pua yake ilikuwa imemwambia.

Jambo lililotokea halikuwa ajabu yoyote. Petroli hutanuka kwa karibu asilimia moja kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka. Petroli inayotoka pampuni huwa imekaa katika matangi yaliyofukiwa ardhini, ambako jua haliifikii, kisha huhamia katika tanki jembamba lililo chini ya gari, juu ya lami inayochoma nyayo. Joto lake likipanda kwa nyuzi 15, lita 50 huzaa karibu robo tatu ya lita isiyokuwepo wakati wa kujaza. Watengenezaji wa magari hulijua hilo, na ndiyo maana huacha nafasi tupu juu ya tanki ili petroli ipate pa kutanukia na mvuke upate pa kukaa. Anayejaza mpaka shingoni anaiziba nafasi hiyo, na petroli ikitanuka hutafuta njia popote inapoipata.

Usiku wa tarehe 14 una ubaya wake wa pekee. Msafiri anayejaza Malindi alfajiri na kushika njia moja kwa moja ya Garsen, Minjila na Witu hadi Mokowe, ili avuke kwa mashua kwenda Lamu, ana zaidi ya kilomita 200 mbele yake, na injini yake hunywa lita kadhaa kabla jua halijawa kali. Anayejaza kwa sababu ya bei, kinyume chake, mara nyingi hana safari. Hurudi nyumbani na tanki lililofura, akaliacha mpaka adhuhuri ya kesho yake ilikute vilevile.

Baada ya siku ile nilianza kuuliza pampu inajuaje kwamba tanki limejaa, na jibu lake limenifanya niiheshimu sana ile sauti ya kukata. Karibu na ncha ya mdomo wa pampu kuna tundu dogo. Petroli inapopita kwa kasi ndani ya mdomo huo, huvuta hewa kupitia tundu hilo. Petroli ndani ya shingo ya tanki ikipanda na kulifunika tundu, hewa hukosekana, mvutano huongezeka ghafla, na kiwambo kilicho ndani ya mpini huifyatua vali ikafunga. Hakuna umeme wala hesabu ya lita, ni hewa na petroli tu. Wapo wanaosema kwamba pampu hukata mapema ili mteja asipate haki yake, lakini kifaa hakimjui mteja. Kinachohisi ni kwamba petroli imekwisha kufika mlangoni. Ni kweli kwamba petroli ikipiga povu, au mdomo ukiingizwa vibaya, pampu inaweza kukata kabla ya wakati. Hilo huonekana mara moja kwa kutazama lita zilizoingia, na si sababu ya kufinya mpini kila siku.

Hasara iliyonigusa mfuko, hata hivyo, haikuwa ule mchirizi. Wiki chache baadaye taa ya injini iliwaka kwenye dashibodi, na gari likaanza tabia ya kukataa kuwaka kila nilipotoka kutia mafuta. Nilifikiri ni betri, kisha nikadhani ni plagi. Fundi wangu, kijana mpole, alilisikiliza, akanusa upande wa nyuma, kisha akaniuliza, "Ami, gari hili huwa unalijaza mpaka juu kabisa?" Nilipokiri, akalala chini ya gari akafungua kopo jeusi la plastiki ambalo mpaka siku hiyo sikujua kwamba ninalo.

Kopo hilo ndani yake lina makaa. Si makaa ya jikoni, bali punje za makaa maalumu zenye vitundu visivyohesabika, na kazi yake ni kunasa mvuke wa petroli unaotoka katika tanki ili usipotelee hewani. Injini ikiwa inafanya kazi, vali hufunguka na mvuke ule hunyonywa ukachomwa pamoja na petroli nyingine. Mpango huu ulianza katika magari ya California mwaka 1970, ukaenea Marekani nzima mwaka 1971, na leo umo katika magari mengi mno, yakiwemo yale tunayoyaagiza Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Kopo limeundwa kwa ajili ya mvuke peke yake. Tanki likifurika, petroli yenyewe huingia katika mpira uliokusudiwa mvuke, ikayalowesha makaa, na makaa yaliyolowa hayanasi tena kama yalivyokuwa. Yakiendelea kuloweshwa, punje huvunjika zikawa vumbi, na vumbi hilo husafiri hadi kwenye vali na kuikwamisha. Vali ikikwama wazi, injini hunyonya mvuke mwingi kupita kiasi wakati wa kuwashwa, hasa mara tu baada ya kutia mafuta, na ndiyo sababu gari langu lilikuwa likikohoa pale pale kituoni. Bei ya kopo na vali ilitosha kunilisha petroli ya mwezi mzima. Sijui akiba ya usiku mmoja wa tarehe 14 ingenichukua miaka mingapi kuifidia.

Hapa ni lazima nitenganishe ukweli na uvumi. Kila kaskazi huzunguka katika simu zetu ujumbe unaoonya kwamba tanki likijazwa wakati wa joto litalipuka, kwa hiyo watu wajaze nusu tu. Hilo si kweli. Tanki la gari lina njia za kupumulia na haligeuki bomu kwa sababu ya jua la Malindi. Kujaza mpaka pampu ikate ni salama na ndivyo gari lilivyoundwa. Kosa liko katika kile kinachoongezwa baada ya hapo.

Hatari ya moto ipo, lakini huanzia nje ya tanki. Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo haupai bali hutambaa chini na kutulia katika mashimo. Ukifikia kiasi cha asilimia moja na nusu hivi ya hewa, cheche moja yatosha. Wenye bodaboda ndio wanaonitia hofu zaidi, maana tanki lao liko juu ya injini yenye moto, na nimewaona wakijazwa abiria akiwa bado amekaa nyuma, petroli ikitiririka kando ya goti.

Na yupo mtu ambaye katika mazungumzo haya hatajwi kabisa, naye ni mhudumu wa pampu. Petroli inaporuka nje humwangukia yeye mkononi na nguoni, na mvuke anaovuta una benzini, kemikali inayosababisha saratani ya damu. Mimi hukaa pale dakika tano. Yeye hukaa zamu nzima, na kila anapoinama kusikiliza shingo ya tanki kwa ajili yangu, uso wake uko juu ya mvuke huo.

Mara nyingine, tena, si mteja anayeomba kuongezewa. Siku moja pampu ilikata kwenye shilingi 6,870, na binti aliyekuwa akinihudumia akauliza kwa adabu, "Baba, nifikishe elfu saba?" Ni desturi njema ya kukwepa shida ya chenji. Lakini kwa bei ya siku ile, karibu shilingi 180 kwa lita, shilingi 130 zilikuwa karibu robo tatu ya lita, yaani kiasi kile kile ambacho joto la mchana lingekisukuma nje. Nilimwambia, "Hapana mwanangu, ikishakata yenyewe inatosha," nikamlipa 6,870 kamili kwa simu. Alipachika mpira mahali pake, akafunga kifuniko mpaka kikalia, na mkono wake ulikuwa mkavu.