Laptopu imekufa, diski yake bado inadunda

Mwezi uliopita mtoto wa dada angu alinimwagia chai ya maziwa kwenye laptopu, kikombe kizima, na mimi badala ya kuizima haraka nikawa nakimbia kutafuta kitambaa. Ikawaka kama dakika mbili halafu giza. Nikaipeleka kwa fundi, kaifungua, kachungulia na tochi ya simu, akasema madabodi (ile bodi kuu ya ndani) imeungua, hapo sikubisha. Ila alipoongeza "na data zako braza ndo basi tena, labda nikuvutie kwa elfu themanini" ndo nikashtuka. Madabodi na diski wapi na wapi? Chai imeingia kwenye kibodi, diski yenyewe ipo chini kule kwenye kona, ndani ya gamba lake la chuma, kavu kabisa! Nikamwambia nipe diski yangu, hilo gofu lingine baki nalo ufanye spea.

Mle ndani kulikuwa na video ya harusi ya kaka na picha za marehemu baba ambazo hazipo sehemu nyingine yoyote, kwa hiyo sikutaka mchezo.

Watu wengi hawajui kwamba zile eksteno (diski za nje za kuchomeka kwa USB) za madukani nyingi ndani yake ni diski ya kawaida tu kama iliyokuwa kwenye laptopu yangu, imevalishwa kava lenye kisakiti kidogo kinachogeuza SATA, yaani mdomo wa diski yenyewe, kuwa USB, basi. Unachohitaji kununua ni hilo kava. Nikashuka Kariakoo, nikazunguka maduka matatu, nikalipata kwa elfu kumi na tano pamoja na waya wake. Ukienda nenda na diski yako, ifunge kwenye kitambaa usiichanganye na funguo mfukoni, muuzaji aijaribu palepale. Maana diski ya laptopu ya kuzunguka kama yangu ni inchi 2.5 na ya desktopu ni inchi 3.5, haziingiliani kava, na hata hizo za laptopu kuna nyembamba za milimita 7 na nene za 9.5, ukichukua kava la nyembamba ile nene haifungi. Kama diski yako mdomoni ina safu mbili za vipini badala ya zile sahani mbili bapa, hiyo ni IDE, aina ya mdomo wa zamani, inataka kava lake kabisa.

Kufunga kwenyewe hata hakuna stori. Unailaza, unaisukuma taratibu mpaka midomo ishikane, unafunika. Ukiona inagoma usitumie nguvu, umeigeuza.

Kasheshe ikaanza nilipochomeka. Nilitumia desktopu ya zamani ya mama, nikachomeka tundu la mbele, taa ikawaka, nikasikia tik... tik... tik... kisha kimya. Aisee nilikaa chini. Nikaanza kuona labda fundi alikuwa sahihi na mimi ndo mjuaji. Nikaichomoa, nikanywa maji, nikaisoma stika ya diski: 5V, 0.85A, yaani inataka umeme wa volti 5 na ampia 0.85. Hapo ndo nikapata jibu, tundu la USB 2 kwa kanuni linatoa 0.5A, diski inapoanza kuzunguka ndo inakula umeme mwingi kuliko wakati wote, ikikosa inajaribu, inashindwa, inajaribu tena, na hiyo tik tik ndo kilio chake. Tundu la USB 3 linatoa 0.9A. Nikaenda kwa jirani mwenye mashine ya kisasa, nikatumia waya uleule mfupi, moja kwa moja kwenye mashine bila kupitisha kwenye zile hab za kugawa matundu, ikazunguka kama feni mpya. (Sasa kama ungepata umeme wa kutosha na bado inagonga, hiyo ni habari nyingine, zima usiendelee kuilazimisha, kila ukiiwasha unaimalizia.)

Mara paap, Windows ikatoa ujumbe kwamba diski inabidi ifomatiwe kwanza ndo itumike. JAMANI USIBONYEZE. Mimi nilikuwa nimeweka Ubuntu, yaani Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, pembeni ya Windows, na Windows haisomi lile fungu (kipande cha diski) la Linux, kwa hiyo kila isichokielewa yenyewe inataka kukifuta. Bonyeza kansel, nenda kwenye fungu lingine. Nikaingia kwenye folda la Users nikaambiwa sina ruhusa, eti mimi mwenye picha! Kwa sababu lile folda lilisajiliwa kwa akaunti ya laptopu iliyokufa, hapo ndo unabonyeza Continue, unasubiri, linafunguka. Ila kama laptopu yako ilikuwa na BitLocker, ile kufuli ya Windows inayofunga diski nzima, hiyo njia haipo, utaombwa namba ya tarakimu 48, mara nyingi imehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft, itafute sasa hivi kabla chai haijamwagika.

Harusi ikaonekana. Kaka kwenye suti ya kukodi, mama anacheza na trei kichwani. Nikakopi kila kitu kwenye mashine ya jirani NA kwenye flashi, ndo nikarudi kuifomati. Kwenye mitindo ya kupanga faili kwenye diski nikachagua exFAT, kwa sababu FAT32 haimezi faili linalofika GB 4 na video ya harusi ilikuwa na GB 7, na NTFS ukiipeleka kwenye Mac inasoma tu haiandiki. Cheki luninga yako kwanza lakini, kuna zisizoijua exFAT. Na usije ukagombana na mtu ukiona diski ya GB 500 inasoma 465, hujaibiwa, kiwandani wanahesabu kwa elfu moja moja na Windows inahesabu kwa 1,024.

Tangu hapo nimekuwa fundi wa ukoo bila kuomba. Binamu kaleta diski ya desktopu anataka nayo iwe eksteno, nikamwambia hiyo inataka volti 12 na USB inatoa 5 tu, lazima ununue kava la kuchomeka ukutani, kaona namkwepa. Shemeji naye kaleta eksteno iliyovunjika tundu, akasema toa diski ya ndani uivalishe kava jipya. Nikaifungua kwa furaha zote, kumbe ni zile ambazo tundu la USB limechomelewa kwenye bodi ya diski yenyewe, mdomo wa SATA hamna. Nimemfunikia vizuri nikamrudishia, mpaka leo anaamini niliivunja mimi.