Siku moja maishani mwangu: nuru ndani ya visima 96

Saa 1 asubuhi. Copenhagen bado giza. Kabla hata ya chai nafungua inkubeta, kabati la joto la maabara, kuzijulia hali seli zangu. Asili yake ni Henrietta Lacks, mama Mmarekani aliyefariki mwaka 1951 kwa saratani ya shingo ya kizazi. Zilichukuliwa bila ridhaa yake. Namkumbuka kila ninapozibadilishia chakula.

Hizi tunazotumia zimewekewa kipokezi cha estrojeni, yaani protini inayoipokea homoni hiyo ya kike, pamoja na jeni ya kimulimuli. Kemikali ikijifanya estrojeni, seli hutoa nuru, nami kazi yangu ni kuipima hiyo nuru.

Saa 2. Naandaa chakula chao. Majimaji hayana ile rangi nyekundu ya kawaida, maana yenyewe huweza kuamsha kipokezi. Utomvu wa damu ya ndama umechujwa kwa mkaa ili homoni zake zitoke. Kemikali za kupimwa nachanganyia kwenye vyombo vya kioo, si plastiki. Kule Boston, watafiti Ana Soto na Carlos Sonnenschein waliwahi kuona seli za saratani ya matiti zikizaliana bila kupewa homoni yoyote. Kumbe nonilifenoli, kemikali inayojifanya estrojeni, ilikuwa ikivuja kutoka kwenye mirija yao ya plastiki. Walitangaza hayo mwaka 1991. Tangu nilipojua kisa hicho, siamini chombo chochote kwa sura yake.

Saa 5. Nasoma sahani ya jana, ile yenye vishimo vidogo 96 tunavyoviita visima. Kemikali imeletwa kwa namba tu, jina silijui, na napenda iwe hivyo. Nuru yake imefika asilimia 8 ya ile ya estradioli, estrojeni halisi tunayolinganishia. Juzi ilifika 12. Mpaka ni asilimia 10, na lazima uvukwe mara mbili. Kwa hiyo hatuna jibu. Kwenye dozi kubwa kabisa nuru imezimika, lakini kipimo cha pili kinaonyesha seli zimekufa. Hapo mtu akiandika "imezuia homoni", amedanganya watu.

Saa 6 mchana. Napanda seli upya, elfu kumi kila kisima. Zinahitaji saa tatu zitulie.

Saa 7. Mdogo wangu anapiga simu kutoka Tanga. "Dada, chupa ya mtoto imeandikwa haina BPA. Ninunue?" Swali hili huniuma, kwa sababu BPA, kemikali ya kutengenezea plastiki ngumu, mara nyingi imebadilishwa na ndugu zake, BPS na BPF, ambazo kwenye seli nazo huonyesha tabia ya estrojeni. Nimemwambia amnyweshe kwa kikombe na kijiko kama walivyomfundisha kliniki, na asimimine maziwa ya moto kwenye plastiki.

Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliteremsha kiwango cha BPA ambacho mtu anaweza kula kila siku, kutoka mikrogramu 4 hadi nanogramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito wake. Mara elfu ishirini! Na kilichowashtua zaidi kilikuwa kinga ya mwili wa panya, si uzazi. Aliyekuwa akitazama estrojeni peke yake asingeliona hilo.

Saa 9 alasiri. Natia dozi, mkono taratibu. Estradioli, kemikali ya namba, na visima vya kulinganishia.

Saa 10. Kikao. Mwenzangu mgeni anauliza: ikivuka asilimia 10, tuseme inavuruga homoni? Hapana. Kwa maelezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2002, lazima madhara yaonekane kwenye kiumbe kizima, na yawe yametokana na huko kuvurugwa kwa homoni. Seli hukuambia tu mlango umefunguka. Aliyeingia amefanya nini, utamuuliza panya, samaki au kiluwiluwi, na hapo miaka inapita huku kemikali ikiendelea kuuzwa. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Saa 12 jioni. Sahani ya tatu iko ndani, nyuzi 37. Nimeandika kwenye daftari: kusomwa kesho saa 5.